Ncha ya Pili ya Kamba

Leo naicheka, lakini siku waliyomchukua Chiriku wetu, haki ya Mungu, ningeweza kumng'ata mtu.

Chiriku ni mtoto wa mdogo wangu. Jina hilo nilimpa mimi, mama yake mkubwa, kwa sababu anabwabwaja tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na yote hayo ndani ya nyumba ambayo mama yake hasikii hata neno. Mdogo wangu ni kiziwi wa kuzaliwa. Baba wa mtoto aliingia mitini mapema, wala hatukumtafuta. Usiku mdogo wangu anafua mashuka ya hospitali kwenye zile mashine kubwa zinazowapasua wenzake vichwa. Yeye zinamtikisa miguu tu. Saa hizo mtoto analala kwangu. Asubuhi namrudisha, naenda saluni kusuka nywele za watu, na mchana wao wawili wanalala pamoja.

Sasa, mtu asiyesikia atajuaje kwamba mtoto ameamka? Kila mtu anauliza, na si swali baya. Mdogo wangu alilijibu tangu wiki ya kwanza ya uzazi. Aliniletea nyuzi za sufu akaniambia kwa mikono: nisukie kamba, laini, isimkwaruze mtoto. Nikaisuka kama ninavyosuka nywele. Ncha moja inazunguka kifundo cha mguu wa Chiriku, imelegea, kidole chako kinapita. Ncha ya pili iko kwenye mkono wa mama. Mtoto akivuta, mama yuko macho. Nimeona akina mama wenye masikio mawili mazima wanakoroma mtoto akilia mpaka sauti ikakauka. Mdogo wangu hajawahi kuvutwa mara mbili.

Basi jirani mpya akapiga simu ustawi wa jamii, kwamba kuna nyumba mtoto analia na hakuna anayeitika. Afisa akaja mchana, na mkoba wake kwapani. Nilimbatiza Bwana Mkoba, maana sijawahi kumwona bila huo mkoba. Mimi nilikuwa saluni. Haya nayasema kama alivyoyasema yeye mwenyewe baadaye mbele ya hakimu. Alibisha mlango. Akaita. Akapiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje, isipokuwa mwenye nyumba. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto amekaa sakafuni anachezea kikombe, kamba mguuni, na mama amelala kitandani kajifunika shuka.

Hakutaka kujua zaidi. Akamwita askari wa kike, wakasukuma mlango. Mtoto kuona wageni akaanza kuuvuta mguu wake kwa nguvu. Askari akatoa mkasi, akaikata kamba. Mdogo wangu aliinuka papo hapo, na alichokiona ni mtu asiyemjua, mkasi mkononi, kamkumbatia mwanawe. Wewe ungefanya nini? Na yeye alifanya hivyo hivyo. Wakaandika kwamba mama ni mkali na mtoto hufungwa kama mbuzi.

Walimpeleka Chiriku kwa mama mlezi, upande wa pili wa mji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nami ulinipata wangu. Nilimsuka mteja nikasahau kumaliza, akaenda nyumbani na nusu kichwa.

Tulipoitwa ofisini kwa Bwana Mkoba, nilikaa karibu na mdogo wangu nikainua mikono nimfasirie. Akanizuia.

"Wewe ni ndugu yake. Huruhusiwi kutafsiri."

"Sawa, mkubwa. Leta wa kwako."

"Hatuna mkalimani."

"Sasa utaongea naye vipi?"

Akasema ataongea polepole. Jamani! Akavuta kiti, akampazia sauti mdogo wangu puani kana kwamba kiziwi ni mtu aliye mbali. Na mdogo wangu, mtoto wa watu mwenye adabu zake, kila mtu akimsemesha hutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ili mwenzake asijisikie vibaya. Amefanya hivyo maisha yake yote, dukani, kazini, kila mahali. Akatikisa. Bwana Mkoba akafunga faili, akasema, "Amekubali kosa."

Nilisimama. Mdomo wangu hauna breki, nakiri, na maneno niliyoyasema pale hayafai kurudiwa mbele ya wakwe. Walinzi walinitoa nje. Mdogo wangu akanifuata akinivuta nguo, ananiuliza kwa mikono: amesema nini? Ananirudishia lini mtoto? Niliishika mikono yake nikampeleka nyumbani.

Kesho yake nilijipiga moyo konde nikaenda kwenye dirisha la karani wa mahakama ya watoto. Nikasema, sina wakili, sina hela, nina mdogo wangu na hasira. Yule karani, Mungu amzidishie, akaniambia kitu ambacho ofisi nzima ya Bwana Mkoba haikututamkia: kupewa mkalimani ni haki yake mama huyo, si hisani. Akanionyesha pa kuombea.

Tulipoingia mahakamani mara ya kwanza, mkalimani hakuwepo. Hakimu, mwanamke mfupi ambaye kiti karibu kimmeze, akauliza nani anamfasiria mama. Bwana Mkoba akasema tu kwamba mama alishakiri. Hakimu akavua miwani.

"Alikiri kwa lugha gani?"

Kesi ikaahirishwa pale pale, ofisi ya ustawi ikaamriwa imlete mkalimani kwa gharama yake. Nikatamani kupiga kigelegele, nikakumbuka wale walinzi.

Siku ya kusikilizwa, roho yangu ilikuwa mkononi. Mkalimani alisimama mbele ya mdogo wangu, mikono yake inakimbia, na kwa mara ya kwanza tangu mkosi huu uanze nilimwona mdogo wangu amekaa wima. Hakutikisa kichwa hata mara moja mpaka aelewe. Bwana Mkoba akaeleza yote: mlango, dirisha, kamba, mkasi. Kisha akasema ana shahidi, mama mlezi, atakayethibitisha jinsi mtoto alivyoathirika.

Mama mlezi akainuka. Mtu mzima, mwili umejaa, viatu vya kustarehe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

"Ni kweli," alisema. "Kila ikifika saa ya kulala, mtoto huyu ananiletea kamba. Ya kiatu, ya gauni, yoyote anayoiokota. Ananinyoshea mguu nimfunge. Nisipomfunga, hailali nyumba."

Bwana Mkoba akaigeukia meza ya hakimu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mheshimiwa, mnaona? Amezoeshwa kufungwa."

Nikamtazama mdogo wangu. Maneno yalikuwa bado hayajamfikia, yako mikononi mwa mkalimani. Kisha yakafika. Akafumba macho.

"Sijamaliza, baba," mama mlezi akasema. "Mimi nimelea watoto wa watu miaka mingi, na ofisi yako ndiyo inayoniletea. Ukitaka kunifuta baada ya leo, nifute. Usiku mmoja nilichoka kumbembeleza, nikamfunga anavyotaka. Akaiokota ile ncha nyingine akanipa mimi. Nikaivaa mkononi. Akaenda kulala, akavuta. Nikageuka. Akavuta tena, nikageuka. Akacheka, akalala mpaka asubuhi. Mheshimiwa, mtoto huyu hakufungwa. Alikuwa amemshika mama yake."

Watu waliokuwa ndani waliguna. Mimi nililia waziwazi, makamasi na yote. Mdogo wangu alilia nyuma yetu sote, kidogo tu, mikono ya mkalimani ilipomaliza.

Hakimu akamgeukia Bwana Mkoba, bila kupandisha sauti.

"Umesema ulibisha, ukaita, ukapiga kelele, na mama hakuamka."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kisha mtoto akavuta mguu, na mama akaamka papo hapo."

"Ndiyo... mheshimiwa."

"Kilichomwamsha ni nini?"

Bwana Mkoba aliutazama mkoba wake kama vile jibu aliliacha humo.

"Uliifuata kamba mpaka ncha ya pili?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliona... niliona inatosha."

"Kumtoa mtoto kwa mama yake," hakimu akasema, "na ukaona nusu ya kamba inatosha."

Akatoa amri. Mtoto arudi nyumbani siku ile ile. Ofisi ya ustawi isimhoji tena mzazi kiziwi bila mkalimani. Ikirudia, mkuu wake aje ajieleze mwenyewe. Mama mlezi asiguswe kwa ushahidi alioutoa. Na Bwana Mkoba aende nyumbani kwa mama huyu, na mkalimani, akaombe radhi kwa mdomo wake, kisha arudi kumwambia hakimu nyumba ile inaendeshwaje.

Chiriku alikuwa kwenye korido, kapakatwa na binti wa mama mlezi. Alipomwona mama yake hakulia wala hakukimbia. Aliteremka, akakaa sakafuni mbele ya watu wote, akanyosha mguu. Mdogo wangu akapiga magoti. Mimi nikafungua mkoba wangu, maana kamba mpya nilikuwa nimeshaisuka, sikuwa na pa kupeleka mikono siku zile zote. Wakafungana pale pale. Mawakili na watu wenye kesi zao wakapita pembeni. Lo! Pumzi niliyoivuta, nadhani nilikuwa sijaivuta tangu siku ile ya mkasi.

Bwana Mkoba alikuja Jumamosi, mkalimani nyuma yake. Safari hii hakubisha. Nje ya mlango kuna swichi inayowasha taa ndani, mkalimani akambonyezea. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaomba radhi. Si radhi ya kusoma, aliitafuta mwenyewe, ikamtoka vipande vipande. Mdogo wangu alimtazama mpaka mwisho. Hakutikisa kichwa.

Kisha akasema kwa mikono kwamba anakwenda kuchemsha chai. Akaivua kamba mkononi mwake, akaifunga kwenye mkono wa Bwana Mkoba, akaingia jikoni.

Mimi nilijing'ata ulimi. Chiriku alikuwa mkekani na kikombe chake, akimhubiria mgeni habari zake zote. Bwana Mkoba alikaa kama aliyekabidhiwa sinia la mayai. Mkoba wake ulikuwa sakafuni. Ulihitaji kusogezwa, hakuthubutu. Chiriku akajigeuza, kamba ikakaza, na mwanamume yule akaruka kitini.

"Anataka nini?" akaniuliza. "Nimfanyie nini?"

"Mtazame tu," nikamwambia. "Anataka kujua kama upo."

Akamtazama. Chiriku naye akamkazia macho, akavuta tena, na Bwana Mkoba akamgeukia. Mtoto akacheka mpaka kikombe kikamtoka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika, ameyaona yote. Akaja, akaifungua kamba kwenye mkono wa yule bwana taratibu, akaivaa mwenyewe, na kwa mkono ule ule akammiminia chai.