Mkurugenzi wa Kugeuza Mayai

"Itambulike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye mabawa na wasio nayo, kwamba kuanzia leo katika nyumba hii hakuna kuku atakayeatamia tena. Sayansi imeingia!"

Hivyo ndivyo alivyotangaza Baba, amesimama kama mgeni rasmi, mkono mmoja juu ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la plastiki linaloenea juu ya meza ya kulia, lenye kifuniko cha kuonea ndani. Ilibidi pasi ichomolewe ndipo sayansi ipate umeme.

Ndani yalipangwa mayai ya Kishingo, kuku wa Bibi. Kishingo hakuwa na manyoya shingoni wala adabu mahali popote, lakini alikuwa wa mwisho katika ukoo wa kuku ambao Bibi aliufuga tangu usichana wake. Mbwa wa jirani alikuwa amemfanyia alichomfanyia.

"Haya yasipototoka, basi tena," Bibi alisema, akilipangusa kila yai kwa kanga yake. "Sina wengine, mwanangu."

"Mama, hii ni mashine. Haichoki, haitoroki, hailiwi na mbwa."

Kazi moja tu mashine ilikuwa haiwezi: kuyageuza mayai. Yasipogeuzwa asubuhi na jioni, alieleza Baba, kifaranga hugandana na ganda na kufia humo humo. Kwa hiyo akachora kwa penseli X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili, akamteua bintiye, aliyekuwa likizoni, kuwa Mkurugenzi wa Kugeuza Mayai.

Binti aliinamisha kichwa kuupokea wadhifa. Huko bwenini alikuwa amejifunza mengi, hasa namna ya kutandika kitanda kionekane kina mtu.

Haikumchukua muda kugundua kwamba Baba alikuwa hakagui mayai. Alikuwa anakagua penseli. Kufungua kifuniko hathubutu, eti joto litatoroka. Anachungulia tu kwa juu: asubuhi aone X, jioni aone O, basi, roho yake imetulia. Mkurugenzi akachukua raba. Alifuta X, akachora O pale pale, yai limelala kama lilivyolazwa. Kesho yake akafuta O, akarudisha X. Kusema kweli, kazi hiyo ilikula muda kuliko kuyageuza mayai yenyewe. Lakini kugeuza mayai angeweza mtu yeyote, na yeye hakuwa mtu yeyote.

"Unaona, Mama?" Baba alijigamba. "Hiyo ndiyo nidhamu ya bweni."

Bibi akaanza kumwekea mjukuu wake minofu mikubwa mezani. Mkurugenzi aliila kwa unyenyekevu.

Ikafika jioni ya kuyamulika mayai kwa tochi, kuona kama kuna uhai. Mapazia yakashushwa. Baba akainua yai la kwanza, akaliwekea tochi chini. Doa jeusi lilikuwa limenata kwenye ganda, halitikisiki. La pili, vivyo hivyo. La tatu nalo.

Baba alizima tochi, akakohoa kitaalamu. "Mama, nisamehe kwa nitakalosema. Joto lilikuwa sawa, maji sawa, kugeuzwa yamegeuzwa. Kosa si la mashine. Damu ya Kishingo ilikuwa imechoka. Hata yaliyobaki ni hayo hayo. Tuyatupe tu, yasije yakatupasukia humu ndani."

Bibi hakubisha. Alileta ndoo, akaanza kuyatia mayai, moja moja, polepole, kama anayelaza watoto. Kisha akasita, akaligeuza moja mkononi.

"Mbona hili lina O huku na huku?"

Mkurugenzi alihisi masikio yanawaka.

Baba alilitazama yai. Akafikiri. "Ganda lina vitundu, Mama, vidogo mno. Penseli imepenya."

"Ikatokea upande wa pili?"

"Ndiyo sayansi hiyo."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Baba mwenyewe alikuwa ameushikilia. Bibi aliguna, akaiamini elimu ya mwanawe, akaanza kulishusha yai kwenye ndoo.

"Bibi, usiyatupe!"

Wote wawili wakageuka.

"Hayo mengine hamjayamulika. Labda yapo yaliyo hai bado. Kishingo hana kosa." "Ni mimi. Nilikuwa nafuta kwa raba, nachora upya juu juu."

"Hukuyageuza?" Baba aliuliza.

"Sikuyageuza."

Bibi alikuwa ameshalikumbatia yai kifuani. "Hata mara moja, mjukuu wangu?"

"Mara moja, Bibi. Siku ya kwanza, Baba aliponionyesha inavyofanywa." "Na siku hiyo aliyageuza yeye."