Nilivyokataa Kupunguzwa

Jana niliota Uchumi amekuja kazini kwetu.

Kazini kwetu ni kiwanda cha chupa nje kidogo ya Antwerp, Ubelgiji, nchi niliyohamia kumfuata mume wangu, Kitwana. Uchumi alikuwa mtoto mchanga mkubwa kama nyumba. Alikaa katikati ya ukumbi, kichwa kimeshatoboa dari, na wanaume wenye suti walikuwa wakimlisha uji kwa sepetu. Hakuna aliyeshangaa. Mimi niliuliza tu kama nipite kulia kwake au kushoto.

"Pita popote," alisema Uchumi. "Ila usinisukume. Nguo zinanibana."

Siku hiyo kiwanda kilikuwa kinaletewa mageuzi, na aliyeyaleta alikuwa utepe wa kupimia wa fundi cherehani, umesimama wima, umevaa tai. Ulikohoa kidogo, ukatangaza kwamba Uchumi lazima akue, ajira zilindwe na mazingira yatunzwe. Tulipiga makofi. Ni mambo mazuri, na hata sasa sioni ubaya wake.

Wakaanza na mazingira. Mto unaopita nyuma ya kiwanda ulikunjwa kama shuka, miti ikapangwa juu yake, vyote vikatiwa kabatini na naftalini visiliwe na wadudu. Kabati likafungwa kwa kufuli. Mazingira yakawa yametunzwa.

Nafungua mlango wa choo, najikuta Pangani, kwenye darasa nililosomea utotoni. Ajira zimerundikwa ndani mpaka dirishani, zinapumua taratibu. Askari mwenye mbwa amekaa mlangoni.

"Afande, naomba moja," namwambia. "Yangu iko mle, naiona."

"Haiwezekani, mama. Zinalindwa."

"Na nani anataka kuzidhuru?"

"Watu. Wanakuja hapa wanataka kuzifanya."

Nageuka, niko kiwandani tena. Godelieve, mama wa Kibelgiji ninayefanya naye kazi mashine moja, amesimama chini ya winchi. Kwenye ndoano kinaning'inia kiti cha kuegemea chenye mto wa maua. Ndio umri wake wa kustaafu. Anaegemeza ngazi, anapanda. Akikaribia kukishika, winchi inakivuta juu.

"Wameupandisha tena," ananiambia, kwa Kiswahili cha Pangani kabisa, ingawa hajawahi kukanyaga kule. "Na miguu yangu hii, Siwema."

"Shuka, dada. Utaanguka."

"Nishuke niende wapi?"

Utepe haukutupa nafasi ya kuendelea. Ulitangaza kwamba sasa wafanyakazi wanapunguzwa. Tukapangwa mstari. Ulikuwa unamzunguka mtu kiunoni, unavuta, na mtu anapungua. Msimamizi wetu, mwanamume wa miraba minne, alipungua akawa sawa na chupa ya soda, akashukuru. Godelieve akapunguzwa akiwa bado juu ya ngazi, na vidato vikawa mbali sana kwake kushuka. Alibaki amekikumbatia kimoja, mdogo kama mwanasesere, hatazami mtu.

Pale ndipo nilipokasirika. Ndotoni huwa sikasiriki.

"Jina?" utepe uliniuliza.

"Siwema binti Hatibu."

"Simama vizuri tukupunguze."

"Sipungui."

"Kila mtu anapungua kidogo, mama, ili Uchumi akue."

"Mwenyewe mmemuuliza?"

Uchumi aliinama, vipande vya dari vikatuangukia. "Mimi sijaulizwa," alisema. "Nimeshiba tangu asubuhi. Nilitaka nitoke nicheze."

"Mtoto hajui kinachomfaa," ulisema utepe, ukanishika kiunoni.

"Hapana," nilisema.

Nilipolisema, magoti yangu yalilia na sakafu ikawa mbali kidogo. Nikalisema tena, kichwa kikapita taa. Wenye suti waliacha kulisha.

"Huruhusiwi," utepe ulisema. "Ukuaji ni wa Uchumi."

"Hapana."

Ulijinyoosha unipime uandike taarifa, ukaishia nyongani kwangu, ukakatika. Mimi nikanyoosha mkono, nikakitoa kile kiti kwenye ndoano bila hata kuchuchumia. Nilikiweka sakafuni, nikamchukua Godelieve kwa vidole viwili na kumkalisha juu ya mto. Alipoegemea tu, alirudi kimo chake.

"Kinanitosha," alisema, akavua viatu.

Uchumi akacheka, akaanza kutambaa kuelekea uani. Nami nikawageukia wenye suti.

"Sasa nipeni ufunguo wa kabati," niliwaambia, na mkono wangu ukiwa bado umenyooshwa mbele yao, nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Kitwana alikuwa jikoni anachemsha chai. Leo kiwandani kuna mkutano wa kweli: uongozi unaleta mpango wake wa mageuzi, nasi wa chama cha wafanyakazi tunatakiwa kujibu. Juzi nilishamwambia Kitwana kwamba sitafungua mdomo, nina watoto wa kulea.

Nilivaa koti la kazi. Mikono yake iliishia katikati ya kiwiko na kiganja.

"Koti limepungua," alisema Kitwana. "Umelifua kwa maji ya moto."

"Ni jipya. Sijalifua bado."

Aliweka kikombe mezani, akaja akasimama mbele yangu. Aliinua kidevu kunitazama.

"Mimi huwa nauona utosi wako," alisema.

Nilimwomba anipishe mlangoni, nisichelewe mkutano.