Kitu Kilichofuata Chambo

Mapenzi ya kuvua samaki aitwaye besi Larissa aliyarithi kwa mtu aliyekwisha kufa. Alikuwa mfanya usafi katika nyumba moja ya mtaa wa Morningside, na mzee mwenye nyumba alipofariki, mjane wake alimkabidhi fimbo mbili za kuvulia na sanduku zima la chambo, samaki wa bandia.

"Vichukue vyote, Larissa. Mimi hata kuvitazama siwezi."

Samaki wenyewe walikuwa wa mpira, wazito, kila mmoja mrefu kuliko kiganja, na miili yao ilikuwa na viungo. Ukivuta mshipi, mkia unayumba na mwili unapinda kama samaki hai anayejiendea zake. Larissa alikulia Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na baba yake alikuwa mvuvi wa nyavu. Uvuvi huu wa kumtupia samaki mkubwa samaki wa uongo, asubuhi nzima, kwa tamaa ya mmoja tu, ulimchekesha mwanzoni. Kisha akapata besi wa kilo tatu, mwenye mdomo unaomeza ngumi, na kicheko kikaisha. Kila Jumapili akawa bwawani.

Aliyekuwa akimpeleka ni Jecha, Mzanzibari fundi simu wa soko la Warwick. Walijuana siku Larissa alipompelekea simu yenye kioo kilichopasuka, naye Jecha akaona picha ya yule samaki. Yeye alikuwa na gari, na alikuwa na boya la kukalia, lile la mviringo ambalo mtu huketi katikati, miguu ikining'inia majini na mapezi ya mpira miguuni.

Jumapili moja ya Februari mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Walifika kulipopambazuka, kwenye bwawa lao nyuma ya vilima, mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Bata waliozoea kuelea karibu na matete hawakuwapo. Walikuwa wamejipanga ukingoni, juu ya mawe, wote wametazama maji.

Kwenye tope kulikuwa na mburuzo mpana, laini, ulioshuka kutoka kwenye nyasi hadi majini.

"Mtu kavuta mtumbwi hapa," Jecha alisema.

Larissa alitafuta nyayo za huyo mtu. Hakuziona.

Alirusha chambo mbali, akaanza kukivuta polepole chini kidogo ya uso wa maji. Mara ya tatu, maji nyuma ya chambo yakavimba.

"Kaka Jecha! Iko kitu nyuma yake!"

"Usisimame, Larissa, vuta tu! Huyo ni besi wa maisha yako!"

Aliacha kuvuta. Mvimbo ule nao ukatulia. Akavuta tena, ukaja tena, umbali uleule. Besi akifuata, mwishowe hupiga au hugeuka na kwenda zake. Hana subira. Kitu hiki kilisimama kila chambo kiliposimama, na kilipofika kwenye maji madogo karibu na miguu yake, kikazama bila hata kurusha tone. Larissa alirudi nyuma hatua nne.

"Twende nyumbani," alisema.

"Eish, dada yangu! Samaki kama huyo tumwache?" Jecha alikuwa tayari anavaa mapezi. "Ameenda kwenye ile miti iliyozama. Mimi namfuata huko."

"Jecha, nakuomba. Maji haya sipendi."

"Dakika kumi tu."

Akaingia na boya lake, akipiga miguu kinyumenyume kama boya linavyotaka, uso umeelekea ukingoni. Alikuwa amefika kama mita arobaini Larissa alipoona mabonge mawili madogo juu ya maji, upande wa kulia wa Jecha, na nyuma yake sana, mbali kupita akili, ncha ya mkia.

"Mamba! Jecha, mamba! Kulia kwako!"

Jecha aligeuza shingo akaona. Hakupiga kelele. Aligeuza boya na kuanza kurudi, lakini boya hurudi kinyumenyume tu, kwa hiyo ilimbidi kuliangalia lile dude likimjia huku yeye akipiga miguu yake mwenyewe mbele ya mdomo wa mamba.

Larissa hakufikiri. Alirusha. Samaki wa mpira alianguka kwa kishindo baina yao, naye akamvuta kwa mikupuo, haraka, pole, haraka, jinsi samaki aliyeumia anavyohangaika. Mabonge mawili yakasita. Yakageuka. Larissa akatembea kushoto kando ya ukingo, akikivuta chambo mbali na Jecha, akisema kwa sauti, "Njoo huku, njoo huku, Yesu wangu, njoo."

Maji yakapasuka. Fimbo ilikunjika hadi mkononi na mshipi ukaanza kukimbia. Akaubana kwa kidole gumba, akasikia ngozi ikiungua, asiuachie. Alipoona visigino vya Jecha vimegusa tope ndipo mshipi ukakatika, naye akaanguka chali.

Walikuwa bado wanahema waliposikia ngoma. Ng'ambo ya bwawa watu waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wakiteremka kuelekea majini. Walikuwa wanabatiza.

Kuzunguka kwa gari kwenda kuwaonya kulichukua dakika ishirini. Mchungaji alikuwa amezama hadi kiunoni, amemshika msichana mikono.

"Ingwenya!" Larissa alipaza sauti, akimtaja mamba kwa Kizulu chake kichache, akikimbia. "Ingwenya! Tokeni!"

Ngoma zilinyamaza. Mwanamume mmoja alimzuia kwa kifua, akauliza mgeni huyu amelewa nini asubuhi yote hii. Larissa alimwonyesha kidole gumba kilichochanika hadi nyama. Bibi mmoja, MaNgidi, alikitazama kidole, kisha akatazama maji.

"Mbuzi wangu wawili hawajarudi tangu Alhamisi," alisema.

Akaingia majini yeye mwenyewe na kanzu yake, akamshika msichana mkono, akamtoa. Mchungaji alibaki peke yake kitambo, kisha naye akatoka, haraka kuliko inavyompasa mchungaji. Msichana alibatizwa kwa ndoo.

Wiki ile watu wa serikali walikuja na boti, wakazunguka siku mbili, wakaondoka mikono mitupu. Jecha aliuza boya. Hasimulii jambo hilo kwa mtu, ila siku moja, akiwa ameinamia simu ya mteja, alimwambia Larissa, "Lilinitazama usoni. Halikuwa na haraka hata kidogo."

MaNgidi ana namba ya Larissa. Humpigia Jumamosi jioni.

"Maji yamepungua," husema. "Bado hatujamwona mamba."