Nyuma ya Kioo cha Chumba Namba Nne

Aila Korpela alikuwa ameshawachukia wote watatu kabla hajavua hata koti.

Wa kwanza Daktari Thorsrud, mzee mwenye shingo fupi, anayeamini kwamba mtu akipewa kitamu kwa wakati wake atafanya lolote. Miezi miwili mizima alimkalisha Aila mezani na pakiti ya chokoleti: ukikohoa, kipande kimoja, ukinong'ona, viwili. Aila alikohoa mara moja tu, tena kwa mafua, mzee akafurahi kama kashinda bahati nasibu. Wa pili Daktari Marchetti, ambaye kwake kila kitu kinaanzia utotoni. Huyo alitaka kujua Aila aliachishwa ziwa lini, na baba yake siku anaondoka aliufunga mlango kwa nguvu au taratibu. Wa tatu alikuwa Delphine, mwanafunzi wao, na karatasi zake za mawazo: andika wazo linalokutisha, andika ushahidi wake, sasa andika wazo jipya. Delphine hakuwa mbaya. Ila aliongea kama mtu anayebembeleza paka atoke chini ya gari.

Leo walimweka chumba namba nne, kule juu kwenye kliniki ya chuo. Ukuta mmoja wa chumba hicho ni kioo, na kila mtoto wa mji wa Duluth aliyewahi kuletwa pale anajua ni kioo cha uongo. Wewe unajiona mwenyewe. Wao, waliokaa gizani upande wa pili, wanakuona wewe.

Ilikuwa siku ya mwisho. Shule ilishachoka: tangu Septemba mtoto hajatamka neno, na sasa ni Januari. Fomu ilikuwa tayari. Kama leo Aila hasemi hata neno moja kwa mtu asiye wa familia yake, Jumatatu anapelekwa Kituo cha Tamarack, mwendo wa saa tatu kwa gari, akalale huko huko mpaka mwaka wa masomo uishe. Na nyumbani Aila alikuwa anaongea! Anaongea mpaka mama yake, Raija, anaomba poo.

"Mimi nakuacha hapa naenda kazini," Raija alimwambia asubuhi ile, gari likiwa bado linanguruma kwenye theluji. "Daktari kasema nikiwepo unajificha nyuma yangu."

"Kweli hutakuwepo?"

"Kweli, mwanangu. Lini nimekudanganya?"

Aila akashuka.

Sasa sikiliza kilichomfunga mdomo, maana hao wataalamu hawakuwahi kukijua. Septemba, darasa la saikolojia la Bwana Pruitt. Aila alitumwa maktaba kurudisha vitabu. Alivyorudi, mwalimu alikuwa kachora ubaoni mstari mmoja pembeni, na mingine mitatu mbele yake. Akauliza: kati ya hii mitatu, upi uko sawa na ule wa pembeni? Hata kipofu angejibu wa pili. Lakini wanafunzi wakaanza kujibu mmoja mmoja: wa tatu. Wa tatu. Wa tatu. Watu ishirini na mbili, nyuso kavu, wengine marafiki zake. Aila alikaa mwisho. Akautazama ubao, akawatazama wenzake, jasho likamtoka mgongoni. Akasema, "Wa tatu."

Darasa likalipuka. Walipiga meza. Walikuwa wamepangwa wote wakati yeye yuko maktaba.

"Mmeona?" Bwana Pruitt alisema huku anafuta chaki mikononi. "Hivyo ndivyo binadamu alivyo. Asante, Aila. Miaka yote ninayofundisha sijapata mfano mzuri kama wewe."

Tangu hapo, kila akitaka kufungua mdomo shuleni alisikia kwanza zile meza zikipigwa. Mama alimuuliza mara mia. Angemwambiaje? Kusimulia ni kulisema tena lile jibu, na safari hii mbele ya mtu anayempenda. Alijibu kila mara, "Hakuna kitu."

"Haya, Aila," Delphine alianza. Sikioni alikuwa na kidude kidogo, ambacho wakubwa zake walikitumia kumpa maagizo kutoka gizani. "Hapa hakuna atakayekucheka. Neno lolote tu."

Aila alitazama viatu vyake.

Delphine akashtuka kidogo, kidude kimemsemesha sikioni. "Nina chokoleti hapa. Ukisema neno lolote nita..." Akashtuka tena. "Hapana, samahani. Tuiache chokoleti. Hebu tumzungumzie baba." Kidude kikalia mpaka Aila akakisikia kikikwaruza. "Au... chokoleti, halafu baba?"

Maskini, alikuwa anavutwa huku na huku kama shuka la watu wawili. Mashavu yalishakuwa mekundu. Mwishowe alikichomoa kile kidude akakiweka mezani, nacho kikaendelea kubwata peke yake.

"Wanagombana," alimwambia Aila kwa sauti ya chini. "Kila siku ni hivi."

Hapo ndipo Daktari Marchetti alipofanya kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaonywa asilifanye. Alitaka kumwonyesha Thorsrud ukurasa fulani kwenye faili, gizani hakuuona, akawasha taa. Kioo kile kinadanganya mradi upande wa pili uko giza tu. Taa ikiwaka, kinakuwa dirisha.

Aila aliinua uso. Alimwona Thorsrud na Marchetti wamesimama pua kwa pua, midomo inachapana bila sauti. Na katikati yao, kwenye kiti, na koti lake la kazini na kikombe cha kahawa mkononi, amekaa mama yake.

Wakatazamana. Raija akasimama, kahawa ikamwagikia viatu.

"Mama," Aila alisema. "Toka humo."

Kule ndani ilikuwa kama timu imefunga goli. Thorsrud alirusha mikono juu, Marchetti akafumbata yake kifuani. Kisha wakaanza upya. Aila aliondoka mbio, akausukuma mlango wao bila kubisha.

"Haihesabiki!" Thorsrud alikuwa anasema. "Fomu inasema mtu asiye wa familia. Huyu ni mama yake."

"Wewe na fomu yako! Mtoto kamwita mama, huoni? Jibu lote liko hapo!"

"Kilichomfanya aseme ni taa, bibie. Kichocheo. Taa uliyoiwasha wewe kwa uzembe."

"Kichocheo babu yako!"

"Kwa hiyo?" Raija aliuliza.

"Kwa hiyo Jumatatu iko pale pale," Thorsrud alisema. "Sheria ni sheria."

"Wewe mzee," Aila alisema.

Chumba kizima kikageuka.

"Ndiyo, wewe. Nasema na wewe, na wewe si ndugu yangu, Mungu kaniepusha. Mnataka kujua kwa nini sisemi? Muulizeni Bwana Pruitt. Aliwapanga watu ishirini na mbili wadanganye ili nidanganye na mimi, halafu akawaacha wanicheke. Somo hilo! Saikolojia! Halafu mnanileta kwa watu wa saikolojia ili waniponye, na nyinyi mnamficha mama yangu ukutani. Hivi hamjui kazi nyingine? Bila kumhadaa mtu hamuwezi hata asubuhi moja?"

Delphine alikuwa kasimama mlangoni. "Jaribio la mistari," alisema polepole. "Hata sisi tunafundishwa mwaka wa kwanza. Tulicheka wote."

"Aila," Marchetti alisema kwa upole, kalamu tayari, "wale watoto walipocheka, ilikukumbusha nini?"

"Ilinikumbusha kwamba wanacheka."

Thorsrud alikohoa. Akaivuta fomu, akaweka alama kwenye kisanduku kinachosema mtoto abaki nyumbani, akaanza kujaza mstari wa chini, ule wa kueleza mbinu iliyofaulu. Marchetti aliinama kusoma begani kwake. "Hapana bwana, usiandike hivyo, hiyo si kazi yako."

"Andika nimekasirika," Aila alisema.

"Hasira si mbinu."

"Andika."

Mzee alimtazama mama, mama akamtazama yeye kwa jicho ambalo halikuhitaji faili. Akaandika. Akatia sahihi.

Kwenye gari Aila alikaa kiti cha nyuma, kama abiria wa teksi. Raija aliwasha kipasha joto, akaugongagonga usukani kwa vidole, hakuondoka.

"Waliniambia ni kwa faida yako," alisema. "Waliniambia hutajua kamwe."

"Bwana Pruitt naye aliwaambia wenzangu hivyo hivyo."

Raija akafuta macho kwa glavu. "Ungeniambia, mwanangu. Tangu Septemba. Ningeenda kumng'oa masikio yule mtu."

"Nenda kesho."

"Nitaenda. Na mimi je? Utanisamehe?"

Aila aliyafikiria maneno mengi, na yote sasa yalikuwa yanatoka bila kukwama.

"Sijui," alisema. "Endesha."