Zawadi ya Mkuu wa Masjala

Mimi ni muuza nyama, na visu navijua kuliko ninavyowajua watu. Kwa hiyo niaminini nikisema kwamba kisu alichokuja nacho shemeji yangu, mume wa dada, kutoka ng'ambo kilikuwa kisu kwelikweli. Yaliyofuata hayakuwa makosa ya kisu.

Shemeji alikuwa naibu mkuu wa masjala, ile ofisi inayotunza mafaili ya viwanja na mirathi ya watu. Unaibu huo alikuwa nao miaka kumi na minne. Siku moja mkuu wake alivimba jino asubuhi ya safari, ikabidi naibu aende badala yake, siku kumi, kujifunza upangaji wa mafaili. Dada akamwagiza mashuka. Mimi nikamwambia aniletee uzima wake tu. Yeye mwenyewe alikuwa na lake moyoni: mkono mtupu haulambwi, na mkuu alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Jina la mrithi lingetoka kwenye kalamu yake.

Siku ya nane wenyeji wakampeleka mtaa wa maduka ya zawadi. Visu vilijaa hadi mlangoni, vyote vimeandikwa "kazi ya mkono" kwa mashine. Binti aliyekuwa mkalimani wake alimhurumia, akamvuta hadi karakana ya mabati nyuma ya maduka, kwa mhunzi mzee mwenye nyusi zilizoungua. Mhunzi alikuwa akigonga chuma, wala hakuinua kichwa.

"Anauliza unataka kisu cha kukata nini," binti akasema.

"Ni zawadi. Ya mkuu wangu wa kazi."

"Anauliza, huyo mkuu wako anakata nini?"

Shemeji akafikiri sana. "Anakata utepe," akasema, "tukizindua jengo."

Mhunzi akaacha kugonga. Alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyepanda ngazi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu kifupi chenye mpini wa pembe na ala ya ngozi. Akajinyoa nacho vinyweleo vya mkono, mara moja tu, pakabaki peupe.

Jumatatu shemeji alivaa suti yake ya pekee, akabisha mlango wa mkuu. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, kwa hiyo akaufunga mlango nyuma yake, kwa heshima tu, ubaridi usitoke.

"Mkuu," akaanza, maneno ameyakariri tangu kwenye ndege, "siku zote kumi nilikuwa nakuwaza wewe tu." Akaingiza mkono ndani ya koti, akachomoa kisu.

Mkuu alirudisha kiti nyuma hadi kikagonga ukuta. "Kikali hicho?"

"Mkuu, unaweza usisikie hata kidogo!"

"Bwana, una shida gani na mimi? Si tuongee tu?"

"Shida? Hapana, mkuu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Nikasema, kwa kuwa mwaka huu ndio wako wa mwisho..."

Hakumaliza. Ukelele alioupiga mkuu uliwatoa hadi wahasibu wa ghorofa ya tatu, watu ambao hawajawahi kutoka kwa ajili ya mtu yeyote.

Kufika mchana kisu kilikuwa kwenye bahasha ya kahawia, shemeji yuko nyumbani kusubiri uchunguzi, na kamati ya watu saba imekwisha kuundwa. Dada hakulia. Alitandika yale mashuka mapya, akayanyoosha mikunjo, ndipo akasema, "Baba watoto, wenzako huleta saa ya ukutani. Saa! Nani amewahi kutishwa na saa?"

Mimi nikaitwa mbele ya kamati kama mtaalamu wa visu. Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo, basi nikaenda. Meza ilikuwa ndefu. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akanisogezea kisu kwa ncha ya rula.

"Hiki ni nini?"

"Kisu, mama."

"Umbo tunaliona. Tunauliza kusudio lake."

"Kusudio analo mwenye kukishika, mama. Hapo mezani hakina neno na mtu."

Wakaandika. Mjumbe mmoja akauliza kama kuna njia ya kuthibitisha kwamba kilinunuliwa kuwa zawadi. Nikajibu, kwa ujinga wangu, kwamba labda aulizwe mhunzi mwenyewe, ila yuko ng'ambo. Vichwa saba vikainuka kwa pamoja.

"Mbali kiasi gani?" mwenyekiti akauliza kwa upole wa ajabu.

Baada ya wiki mbili kamati nzima ilipanda ndege kwenda kumhoji mhunzi. Mkuu akaenda kama mwathirika. Katibu wake naye akaenda, wa kumshika mkono mkuu pindi akiona visu.

Masjala ikabaki haina mtu wa kutia saini. Shemeji akaletewa barua nyingine: akaimu ukuu wiki tatu, "bila kuathiri tuhuma zinazomkabili."

Alivua koti, akafungua chumba cha nyuma, ambako mafaili yalirundikwa hadi darini. Siku ya nne mjane mmoja aliyezungushwa miaka sita alikabidhiwa faili la mirathi ya mumewe. Alikaa kwenye ngazi amelikumbatia, akalia mpaka mlinzi naye akafuta macho. Habari ikaenea. Siku ya kumi foleni ilifika mlangoni kwangu buchani, na mimi nani nikatae wateja? Jioni shemeji alirudi na vumbi kwenye kope, akala kama mchimba kisima. Dada akaninong'oneza, "Huyu sijamwona hivi tangu tuoane."

Kamati ikarudi, kila mmoja na kisu chake. Mwenyekiti alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma nimnolee cha kwake. Kilikuwa cha dukani, hata siagi ingekishinda. Taarifa ilikuwa ya kurasa arobaini: mhunzi amethibitisha kuwa kisu kiliuzwa kwa ajili ya utepe, naibu hana hatia, na siku zijazo watumishi waepuke zawadi zenye ncha. Kisu chenyewe atarudishiwa, bahasha yake ikionekana.

Mkuu akarudi kitini. Watu wakawa wanampita wakichungulia vyumba. "Samahani mzee, yule wa wiki tatu yuko wapi?" Siku ya tatu ikaundwa kamati nyingine, kuchunguza mafaili yaliyopotea miaka yote hiyo yamepatikanaje. Nilimsindikiza shemeji hadi mlangoni pa kamati, nikabaki nimesimama hapo, nasikia kila kitu.

"Bwana naibu, yalipatikanaje?"

"Niliyatafuta."

Wakaandika. Halafu mwenyekiti: "Kwa idhini ya nani?"

Shemeji akaangua kicheko. Kicheko kirefu, cha tumboni, mpaka waliokuwa kwenye foleni nje wakaanza kucheka naye bila kujua sababu. Hawakumfukuza. Walimwachia unaibu wake, mkuu akaongezewa miaka miwili, na sasa wenye shida na faili hawapandi tena ngazi za ofisini. Huja jioni kwa dada, wakagonga dirisha la jikoni.