Geti la Nyuma la Nkuhungu

Lea alikuwa amewaona watu wale wakikanyagana mara nyingi, ingawa hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa mtu wa kweli. Walikuwa vidoti vyekundu kwenye kompyuta yake, vidoti alivyovitengeneza mwenyewe pale chuoni alipofundisha, kila kimoja na mwendo wake, haraka yake na upana wa mabega yake. Alivimwaga ndani ya mchoro wa uwanja wa Nkuhungu, ule uliozungushiwa ukuta wa tofali, kisha akaviamuru vitoke. Vilipokuwa vichache vilitoka vizuri. Alipoviongeza hadi vikafanana na umati uliotarajiwa uwanjani hapo kwenye tamasha la kwaya, vilikwama kwenye geti kubwa, na vya nyuma vikazidi kuja kwa kuwa havikujua kilichotokea mbele.

Mama yake, Emiliana, angekuwa miongoni mwa umati huo. Kwaya yake ilikuwa inakuja kwa basi kutoka Chemba, na kila akipiga simu habari yake ilikuwa moja tu, kitenge cha sare.

Lea alibeba kompyuta hadi kwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha, Mzee Damas, mtumishi mstaafu wa serikali asiyependa mambo ya kukurupuka. Akamwamkia, akamwonyesha. Mzee alitazama vidoti vikibanana, akakubali bila ubishi kwamba geti la nyuma, ambalo siku zote lilipigwa kufuli kwa hofu ya wezi, liachwe wazi. Lea akarudi nyumbani moyo umetulia, akidhani kazi imekwisha.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na jirani yake Violeth. Ibada ilipomalizika, mlango wa pembeni ulikuwa wazi, karibu kabisa na walipokaa, lakini waumini karibu wote walijazana kwenye mlango mkubwa walioingilia asubuhi. Violeth mwenyewe aligeuka katikati ya watu, akaanza kurudi ndani kumfuata mama mkwe wake. Lea akasimama akiwatazama. Vidoti vyake vilikimbilia geti lililo karibu, wala havikuwa na mama mkwe.

Alirudi kwenye kompyuta. Akavifunga vidoti katika makundi yasiyoachana, akavifundisha kutokea pale vilipoingilia. Geti la nyuma likabaki wazi na tupu. Geti kubwa likajaa kama mwanzo.

Safari hii Mzee Damas alikunja uso. Matangazo yalikwisha kutoka, na tamasha lilikuwa limekaribia mno.

"Mwanangu, ulisema nifungue geti, nimefungua. Leo unasema haitoshi. Kesho utasema nini?"

"Nilikosea, mzee," Lea alijibu. "Nilidhani mtu akishikwa na hofu hutafuta mlango wa karibu. Kumbe hutafuta anaoujua, tena hutafuta wenzake kwanza. Nusu ya watu waingilie nyuma, ili walizoee lile geti."

Mzee alivisugua vioo vya miwani yake kwa pindo la shati.

"Wenye mabasi nitawaambia mwenyewe," alisema.

Siku ya tamasha mabasi yote ya kutoka wilayani yalielekezwa nyuma ya uwanja, na manung'uniko yakawa mengi. Emiliana alishuka akipangusa vumbi kwenye viatu, akamwambia binti yake kwamba wao si wapishi hata wapitishwe uani. Lea alicheka tu, akamwonyesha njia.

Jioni, kwaya moja ikiwa jukwaani, jenereta lililokuwa kando ya jukwaa lililipuka kwa kishindo, na moshi mweusi ukafunika spika. Lea alikuwa nje ya geti kubwa. Alisikia mayowe, kisha miguu. Akashika nguzo, akajikaza kuyaona yale aliyokwisha kuyaona kwenye kompyuta.

Watu walikuja. Walikuja wameshikana mikono, wengine peku, lakini kati yao palikuwa na nafasi ya kupumua, na waliotangulia walisonga hadi barabarani bila kusukumwa. Lea akauzunguka ukuta mbio hadi nyuma. Huko nako walikuwa wakitiririka, familia kwa familia. Alitazama uso baada ya uso asimwone anayemtaka. Hatimaye akamwona Emiliana akija taratibu na waimbaji wenzake, akimgombeza mmoja aliyetaka kurudi kufuata kiatu.

"Mbona unatweta hivyo?" mama aliuliza.

Lea alimkumbatia.

Baadaye alikuja Mzee Damas. Moto ulikuwa umezimwa kwa mchanga, na aliyeumia ni mtu mmoja aliyeteguka kifundo. Aliushika mkono wa Lea kwa mikono yake miwili, akakaa nao hivyo.

Wanakwaya walikataa kwenda nyumbani. Wakajipanga palepale nje ya geti la nyuma, kwenye kiwanja cha vumbi, wakaimba bila spika. Lea aliketi chini karibu nao. Mwanamke wa Chemba akampa karanga za kuchemsha, na hapo ndipo alipogundua kwamba ana njaa kali. Akala zote.