Mashindano ya Kusema Kikwetu

Birdie Mayfield alipoingia mgahawani kwangu kuomba kazi, alisema kwao ni Alabama, shamba kabisa, na hilo jina la Alabama akalivuta mpaka nikadhani halitaisha.

"Mie ni mtoto wa Kusiniii, mamaa. Damu na mifupaaa."

Nilimpa kazi papo hapo, maana mhudumu wangu alikuwa ametoroka na muuza matrekta. Nikamwekea staftahi. Akalivuta bakuli la uji wetu mzito wa mahindi, ule tunaoula kwa siagi na chumvi, akautia sukari. Akakoroga, akaongeza maziwa.

Mimi Vernelle Odom nimezaliwa hapahapa Georgia, na mama yangu, na mama yake. Mtu wa Alabama anaweza kusema uongo kanisani, lakini sukari kwenye uji ule hatii. Nikageukia jiko langu, nikacheka kimyakimya.

Sikumuumbua, kwa sababu alikuwa burudani. Alimwita kila mteja "sukari yangu" na "kipenzi", madereva wa malori na padri pia. Neno ambalo sisi tunalivuta kidogo, yeye alilivuta kama mpira wa manati. Wageni waliopita njia kuu walifurahi sana, wakawa wanamrekodi kwa simu. Binamu yangu Dewey, ambaye hajawahi kulala nje ya wilaya yetu, hakuna aliyemrekodi hata siku moja.

Kisha akahamia mjini Bwana Thaddeus Lockridge, mgane mwenye suti nyeupe na kofia ya ukili. Yeye alisema ni wa Mississippi. Alikuwa na hadithi za bibi yake na nyumbu mkaidi, na alizisimulia polepole hivi kwamba ungeweza kukaanga kuku kati ya sentensi na sentensi. Watu waliacha chakula kipoe wakimsikiliza.

Siku alipokutana na Birdie nilikuwa kaunta, nikaona yote.

"Na bibie ni wa Alabama sehemu gani?" Lockridge aliuliza.

Birdie akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. "Kule karibu na mtoo, bwana. Na wewe Mississippi ipi?"

"Ile ya... upande wa mtoo vilevile."

"Ooh."

"Ndiyoo."

Lockridge akaikimbilia supu yake. Birdie akaja jikoni mbio, jasho likimtoka. "Bi Vernelle, yule mzee mhudumie wewe. Ni wa huku kweli yule, atanichunguza." Baadaye Lockridge naye akaninong'oneza kama angeweza kupewa meza ya mbali na yule mama wa Alabama, maana eti sauti yake inamkumbusha marehemu shangazi. Wakawa wanakwepana kama paka wawili kwenye ukumbi mmoja. Nami nilikuwa nimeshamshuku mzee, kwa sababu aliniuliza bamia zinamenywa vipi.

Vuli ilipofika, mji wetu ukafanya sherehe ya kuvuna pikani, zile kokwa tamu za miti yetu, na mwaka huo kamati ikaongeza kitu kipya: mashindano ya kusema kikwetu. Mshiriki apande jukwaani, asimulie kisa kwa lafudhi ya nyumbani. Mwamuzi ni mzee Hollis Creech, mwenye kampuni ya mazishi, mtu anayesema taratibu kiasi kwamba marehemu nao huchoka kumsubiri. Nikawaandikisha wote wawili, Birdie na Lockridge, bila kuwauliza. Shetani alinipitia, nami sikumpinga.

Wangekataaje? Mji mzima ulikuwa ukiwashangilia.

Dewey alianza. Alisimulia jinsi alivyotumbukia bwawani na bunduki ya baba yake. Creech akatikisa kichwa. "Sijui, mwanangu. Hukusikika wa asili."

"Wa asili?" Dewey akang'aka. "Mzee Creech, wewe ndiye uliyemzika babu yangu!"

"Keti, mwanangu."

Lockridge akapanda, akavua kofia. Nyumbu wa bibi akaanza kupanda kilima, hatua moja, kituo, hatua nyingine. Wanawake wa kwaya walikuwa wameshika vifua. Creech alikuwa amefumba macho kwa raha. Hapo ndipo nyigu alipoingia kwenye kola ya Bwana Lockridge.

"Aaah! Limeniuma! Yinz mnakodoa macho nini? Litoeni!"

Sisi huku tukiita watu wengi kwa pamoja tunasema "yaal". "Yinz" sikuwahi kuisikia maishani mwangu, tena ilimtoka haraka, kavu, kama misumari inayomwagika sakafuni. Birdie, aliyekuwa akingoja zamu yake pembeni mwa jukwaa, aliangusha upepeo wake.

"Wewe ni wa Pittsburgh, kule kaskazini!" akapiga kelele, na Alabama yote ikamdondoka palepale.

"Na wewe?" mzee akauliza huku akijipiga shingoni.

"Nilizaliwa kilimani, juu ya kiwanda cha chuma! Geuka nikutolee huyo mdudu, acha kurukaruka kama kichaa!"

"Mimi ng'ambo ya mto! Polepole, mama, hiyo ni ngozi!"

Wakaendelea hivyo mbele ya mji mzima, Birdie akimchapa mzee kwa kofia ya mzee mwenyewe, mpaka nyigu akafa. Ndipo walipotugeukia, wekundu kama nyanya.

"Matapeli!" Dewey akaruka juu ya kiti. "Wapewe adhabu!"

Wiki mbili nzima Creech alikuwa ameutangazia mji kwamba Lockridge ndiye Mkusini halisi wa mwisho. Akasimama, akakohoa.

"Kanuni inasema mshindi ni anayesema kama sisi. Haikusema awe sisi. Wa kwanza, Bi Mayfield, kwa kuwa ametuhudumia hivyo kila asubuhi na hakuna aliyemgundua. Wa pili, Bwana Lockridge. Wa tatu, Dewey. Mwakani ujitahidi, mwanangu."

Jioni Birdie akaja kuniaga, aproni mkononi. Jina lake halisi ni Bernadine Kosciak. Ofisini kwao bosi alimkataza kupokea simu, eti akifungua mdomo kampuni inaonekana ya kishamba. Mume akaondoka. Akapanda basi la kuja kusini, na mwanamke asiyemjua akamwambia, "Sogea nikae, sukari yangu."

"Nilikuwa sijaitwa kitu kitamu tangu sijui lini," akasema. "Nikataka niwe mtu wa namna hiyo."

"Vaa aproni yako," nikamwambia. "Kesho kuna basi la watalii."

Lockridge naye, Stanley kwa jina la ubatizo, alinieleza kwamba kule kwao alisema haraka na hakuna aliyemsikiliza. Alipojifunza kusema polepole, watu wakaanza kumngoja amalize. Siku hizi Jumapili baada ya kufunga hukaa na Birdie meza ya dirishani wakigombana kwa lugha yao kuhusu kabichi, na nadhani si kabichi tu inayowaweka pale.

Mwezi uliopita wakaingia mume na mke, wasafiri. Nilipowasikia wakisema "yinz" nikaacha sufuria. Birdie akawahudumia kwa Alabama yote aliyo nayo. Yule mke akamshika mkono.

"Sisi ni wa Pittsburgh. Tunapenda unavyosema! Wewe usihame huku kamwe, kwetu watakuharibu."

Birdie akatabasamu, akawajibu yale maneno ambayo huku kwetu ni tusi lililopakwa asali: "Mungu aibariki mioyo yenuu."

Wakamshukuru sana. Stanley akapaliwa na kahawa, ikabidi nikampige mgongoni.